Anayetazama nyota na anayezipiga picha hawahitaji stendi moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nipingane, kwa heshima, na jibu ambalo gazeti lako lilimpa msomaji aliyeuliza anunue darubini gani ya kutazamia nyota. Alishauriwa achukue yenye stendi ya ikweta, kwa kuwa itamfaa kwa kutazama sasa na kwa kupiga picha baadaye. Vioo, lenzi na ukuzaji vilielezwa vizuri sana. Stendi ilipewa sentensi hiyo moja tu, na ndiyo itakayomuumiza akiifuata.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Kazi yangu yote imepita nyuma ya theodolaiti, chombo cha kupimia pembe kinachosimama juu ya miguu mitatu, na mtu wa kazi hiyo hufundishwa mapema kwamba lenzi nzuri juu ya miguu inayotikisika haipimi kitu. Baada ya kustaafu nimeendelea na tabia ileile ya kuchungulia, ila sasa nachungulia juu, mara nyingi nikiwa na vijana wanaotaka kujua waanzie wapi. Swali lao la kwanza huwa ni darubini inakuza mara ngapi. Nami huwauliza: unataka kuona, au unataka kupiga picha? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua stendi, na stendi ndiyo inayoamua darubini ya kuweka juu yake. Anayeanza na darubini anaezeka kabla ya kujenga msingi.

Stendi zipo za aina kuu mbili. Ya kwanza husogea kama theodolaiti: mhimili mmoja umesimama wima na darubini inauzunguka kushoto na kulia, mwingine umelala na darubini inainuka na kushuka. Ya pili, ya ikweta, ni hiyohiyo iliyoinamishwa mpaka ule mhimili wa wima ukalingana na mhimili wa Dunia, ukaelekea ncha ya anga, yaani ile nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Kuinamisha huko kuna faida kubwa. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, kwa hiyo anga lote huonekana kuhama kama digrii 15 kwa saa. Stendi ya ikweta huifuata nyota kwa kuzungusha mhimili mmoja tu, kwa mwendo mmoja usiobadilika. Ile ya kwanza, ili ifuate nyota hiyohiyo, ni lazima izungushe mihimili yote miwili kwa pamoja, na mwendo wa kila mmoja hubadilika usiku kucha.

Ukiishia hapo, ya ikweta inaonekana bora bila ubishi, na nadhani hapo ndipo mwandishi wenu alipoishia. Lakini tuangalie anayechungulia kwa jicho anahitaji nini hasa.

Jicho halikusanyi mwanga kwa dakika nyingi kama kamera. Linachukua taswira kwa sehemu ndogo ya sekunde na kuanza upya. Nyota ikisogea polepole ndani ya duara la lenzi ya jicho, ile unayochungulia, haidhuru, jicho linaifuata lenyewe. Chukua darubini yenye kioo cha milimita 200 na urefu wa fokasi (umbali kutoka kwenye kioo hadi pale taswira inapojikusanya) wa milimita 1200, uiwekee lenzi ya jicho ya kawaida ya milimita 25. Inakuza mara 48, na sehemu ya anga unayoiona ina upana wa digrii 1 hivi. Nyota iliyo kwenye ikweta ya anga, yaani mstari ulio katikati ya ncha mbili za anga, huchukua kama dakika 4 kuivuka. Weka lenzi ya milimita 6, ukuzaji ufike mara 200, na bado unayo kama dakika nzima kabla Zohali hajatoka nje ya duara. Hapo unasukuma bomba la darubini kidogo kwa kidole, naye anarudi. Huhitaji mota, wala betri, wala kuitafuta ncha ya anga gizani.

Stendi ya namna hiyo, ya aina ya kwanza na ya kusukumwa kwa mkono, ilisambazwa duniani na John Dobson, aliyekuwa mtawa huko San Francisco. Aliondoka kwenye nyumba ya watawa mwaka 1967, na mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaanzisha kikundi cha San Francisco Sidewalk Astronomers, wakawa wanaweka darubini kandokando ya njia na kumwita kila apitaye aje achungulie. Stendi yenyewe ni sanduku la mbao linalozunguka juu ya ubao, likiteleza kwenye vipande vya Teflon, plastiki yenye utelezi. Ni kitu ambacho seremala hodari anaweza kukiunda. Kwa kuwa sanduku halina gharama kubwa, fedha ya mnunuzi inakwenda karibu yote kwenye kioo, na kwa jicho kioo ndicho kila kitu: chenye kipenyo cha milimita 200 hukusanya mwanga mara 800 hivi kuliko mboni ya jicho iliyofunguka hadi milimita 7. Huo mwanga ndio unaomwonyesha mtu mawingu ya Nebula ya Jabari na vishada vya nyota vilivyosongamana. Hakuna gia itakayomwongezea hata chembe yake.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu hulipita haraka, nami nimeliona kwa vijana wangu tena na tena. Mkabidhi mtoto darubini ya Dobson: akitaka juu anasukuma juu, akitaka kushoto anasukuma kushoto, na baada ya muda mfupi anajitafutia Mshtarii mwenyewe. Mkabidhi ya ikweta, bomba linapita njia ya mshazari ambayo mwili wake hauitambui. Tena kama darubini ni ya kioo, ambayo lenzi ya jicho hukaa ubavuni mwa bomba karibu na mdomo, kila anapohamia sehemu nyingine ya anga lenzi hiyo inageukia upande mwingine, mara juu, mara chini ya bomba. Watu wazima hulazimika kupiga magoti au kulegeza pingu zinazolishika bomba na kulizungusha lote. Mwanzoni watu huchoka hapo, si kwenye elimu ya nyota.

Sisemi stendi ya ikweta haifai kabisa kwa jicho. Joseph Fraunhofer aliiunda ile maarufu ya darubini ya Dorpat (leo Tartu, nchini Estonia), iliyofika huko mwaka 1824, wakati ambapo hakukuwa na picha za nyota, na Wilhelm Struve aliitumia kupima nyota pacha, zile zinazoonekana mbili mbili karibu karibu, kwa macho yake. Anayetaka kukaa na sayari moja kwa saa nzima kwa ukuzaji mkubwa, au kuichora, atafurahia mota inayomshikia sayari hiyo mahali pamoja. Nayo stendi ya Dobson ina udhaifu wake: kitu kikiwa utosini kabisa ni shida kukifuata, kwa sababu inabidi sanduku lizungushwe sana ili bomba lisogee kidogo. Lakini hayo ni mambo ya baadaye. Kwa anayeanza na anayetaka kuona, sanduku la mbao na kioo kikubwa.

Sasa kamera. Hapa msimamo wangu unageuka kabisa, na namwomba msomaji yule asinielewe vibaya kwamba nadharau stendi ya ikweta.

Kamera haisamehi. Tuseme kijana ana darubini ndogo ya lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 400, na kamera ambayo pikseli zake zina upana wa mikromita 3.76. Zidisha 3.76 kwa 206, namba ya kugeuza vipimo hivi kuwa sekunde za pembe, gawanya kwa 400: kila pikseli inashika takriban sekunde 2 za pembe. Sisi wapimaji sekunde za pembe tunazijua, digrii moja ina 3600. Anga linahama sekunde 15 za pembe kila sekunde ya saa. Kwa hiyo bila kufuatiliwa, nyota huvuka karibu pikseli 8 kwa sekunde moja, na katika picha ya dakika 2 inachora mstari wa pikseli zaidi ya 900. Na hiyo ni darubini fupi. Ukiongeza urefu wa fokasi mara tatu, kila kosa nalo linakuwa mara tatu.

Mtu atasema basi anunue stendi ya aina ya kwanza yenye mota mbili na kompyuta, itafuata. Itafuata, ndiyo, na nyota ya katikati itabaki katikati. Lakini nyota nyingine zote zitaizunguka taratibu, kwa sababu kamera imesimama sawa na ardhi huku anga likigeuka. Ukubwa wa mzunguko huo hutegemea unapotazama. Kwa aliye karibu na ikweta, kitu kilicho kaskazini kamili kwa kimo cha digrii 60 kitazungusha picha kwa kasi ya digrii 30 kwa saa, yaani digrii nzima katika picha ya dakika 2. Kwenye pembe ya picha, pikseli 3000 kutoka katikati, digrii hiyo ni mkwaruzo wa pikseli zaidi ya 50. Kitu kilicho mashariki au magharibi kamili, kwa mtu huyohuyo, hakizunguki kabisa. Hakuna mota ya kushoto-kulia wala ya juu-chini inayotibu hilo. Mhimili ulioinamishwa kuelekea ncha ya anga ndio unaolitibu, na ndiyo maana mpiga picha anauhitaji.

Hata hivyo kuwa na stendi ya ikweta hakutoshi, na hapa ndipo ushauri wa "itamfaa kwa yote mawili" unapovunjika. Ndani ya stendi nyingi mna gia kubwa inayosukumwa na gia ya skrubu. Gia kubwa ikiwa na meno 180, skrubu hukamilisha mzunguko mmoja kila dakika 8 hivi, na kasoro yoyote ya uchongaji inajirudia kwa mpigo huohuo, ikiipeleka nyota mbele na kuirudisha nyuma. Kwenye stendi za bei ya chini kupotoka huko hufikia sekunde nyingi za pembe. Kwa jicho huwezi hata kugundua kupotoka huko. Kwenye picha nyota zinakuwa mayai. Dawa yake ni darubini ndogo ya pili yenye kamera yake, inayoitazama nyota moja muda wote na kuiamuru mota ijirekebishe kupitia programu kama PHD2. Lakini programu haiwezi kurekebisha tripodi inayopepesuka, wala meno ya gia yaliyolegea.

Kisha uzito. Mtengenezaji huandika kilo ambazo stendi inabeba, na mnunuzi huamini kwamba ndizo za kupigia picha. Kwa kutazama, inawezekana. Kwa picha za kuiacha kamera wazi muda mrefu, wapiga picha wengi waangalifu huishia nusu au theluthi mbili ya kiwango hicho, bila kuhesabu vyuma vya kusawazisha uzito wa darubini. Na uzito wenyewe si yote, urefu wa bomba nao unahusika. Bomba refu la kilo 8 linashika upepo na kutikisika kuliko bomba fupi la kilo 8. Sasa fikiria kile kinachouzwa mara nyingi kama "darubini ya yote mawili": kioo cha milimita 150 au 200 kwenye bomba refu, juu ya stendi ya ikweta nyepesi yenye miguu myembamba. Anayetazama anapewa kitu kizito kupanga, kigeni kusukuma, kinachotetemeka kila akigusa kitufe cha kurekebisha fokasi. Anayepiga picha anapewa stendi iliyoelemewa tangu siku ya kwanza. Fedha ileile ingempa wa kwanza Dobson imara, na ingemwanzishia wa pili safari ya kweli.

Kwa wa pili ushauri wangu huwashangaza vijana: sehemu kubwa ya fedha yako itie kwenye stendi, na juu yake uweke darubini ndogo kuliko unavyotamani, ya lenzi ya milimita 60 au 80. Inaonekana haba ikilinganishwa na lichuma lililo chini yake. Lakini kwa picha, udogo wa kipenyo unaweza kufidiwa kwa kukusanya picha nyingi usiku mzima na kuzijumlisha. Kutetemeka hakufidiwi kwa chochote. Na vitu vingi vizuri vya angani ni vipana: galaksi ya Andromeda ina urefu wa digrii 3, mara sita ya upana wa Mwezi unavyoonekana. Darubini fupi ndiyo inayoiingiza yote kwenye picha moja.

Kuna jambo moja ninalolijali kwa sababu ya kazi yangu, nalo halikutajwa hata kidogo katika jibu lenu. Stendi ya ikweta haifanyi kazi mpaka mhimili wake uelekezwe kwenye ncha ya anga, na kimo cha ncha ya anga ni sawa na latitudo ya mahali ulipo. Aliye kaskazini mbali anayo Kutubu, nyota angavu iliyo chini ya digrii 1 kutoka kwenye ncha. Anachungulia kwenye kidarubini cha mhimili na kumaliza kazi. Aliye kusini anayo Sigma Octantis, iliyofifia kiasi kwamba penye taa haionekani kwa macho. Aliye karibu na ikweta hana yoyote, kwa sababu ncha zote mbili zimelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya miti na ukungu. Tena stendi nyingi hazikuundwa kuinamishwa chini kiasi hicho. Zina kikomo cha latitudo, na hata zisizo na kikomo, fimbo ya vyuma vya kusawazisha hugonga mguu wa tripodi. Anayeishi kwenye latitudo ndogo ni lazima aulize hili kabla hajalipa: stendi hii inashuka hadi digrii ngapi? Muuzaji asipojua, asome kwenye kijitabu chake.

Kupanga bila kuona ncha kunawezekana, na ni kazi ya raha kwa mwenye subira. Tripodi iwe sawa kwa pima maji. Mhimili uelekezwe kaskazini au kusini ya kweli, si ya dira, kwa maana dira huelekea kwenye sumaku ya Dunia na tofauti yake hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Kisha chagua nyota karibu na ikweta ya anga inapovuka mstari wa kaskazini-kusini, uache mota iifuate, na uitazame kwa ukuzaji mkubwa. Ikiteleza kuelekea kaskazini au kusini, mhimili umekosea kwa upande, mashariki au magharibi. Rekebisha hadi itulie. Halafu chukua nyota iliyo chini mashariki au magharibi: hiyo ikiteleza, mhimili umekosea kwa kimo. Siku hizi zipo programu zinazopiga picha chache za anga popote na kukuambia uzungushe skrubu ipi, nazo zinafanya vizuri. Lakini mtu aliyeifanya kazi hii kwa jicho anaelewa programu inamwambia nini.

Nisije nikaeleweka kwamba picha zote zinadai haya. Mwezi na sayari ni habari nyingine, kwa sababu zinang'aa. Hupigwa kwa video ya maelfu ya vipicha vya sehemu ndogo za sekunde, kisha programu huchagua vilivyotulia na kuvijumlisha. Hapo stendi ya aina ya kwanza inatosha, na hata kwenye Dobson bila mota watu hupata mikanda ya Mshtarii. Vilevile zipo darubini ndogo za kisasa zenye kamera ndani yake, zinazopiga picha za sekunde 10 hivi na kuzigeuza moja baada ya nyingine zilingane kabla ya kuzijumlisha. Zinakata pembe za picha na maisha yanaendelea. Na anayetaka Njia Nyeupe kwa kamera ya kawaida hahitaji darubini: mbao mbili, bawaba, na boliti inayosogea milimita 1 kila inapozungushwa mara moja, iliyowekwa karibu milimita 229 kutoka kwenye bawaba, akiizungusha mara moja kila dakika, zinafuata anga vya kutosha kwa lenzi pana. Bawaba ndiyo inayoelekezwa kwenye ncha ya anga. Hiyo nayo ni stendi ya ikweta, ya fundi wa nyumbani, na inafundisha kuliko kitabu.

Wapo watakaosema mbona darubini kubwa za wataalamu zinapiga picha na si za ikweta. Ni kweli. Darubini ya Hale yenye kioo cha mita 5, iliyozinduliwa mwaka 1948 huko Palomar, Marekani, ilijengwa juu ya stendi ya ikweta kubwa mno. Wasovieti walipojenga yao ya mita 6, iliyoanza kazi katikati ya miaka ya 1970, waliiweka kwenye stendi ya juu-chini na kushoto-kulia ikiongozwa na kompyuta, na darubini kubwa zilizofuata zikapita njia hiyo. Ila nyuma ya kila moja kuna mtambo unaoizungusha kamera yenyewe kinyume cha mzunguko wa picha. Mnunuzi wa kwanza hana mtambo huo.

Kwa hiyo namwomba msomaji yule, kama bado hajanunua, ajiulize atakuwa wapi usiku: jicho kwenye lenzi, au mkono kwenye kompyuta huku kamera ikifanya kazi. Vyote ni vya heshima na vyote navipenda. Akienda dukani au kwa mtu anayeuza iliyotumika, aombe stendi ifunguliwe na darubini iwekwe juu yake. Alenge kitu cha mbali kwa ukuzaji mkubwa, agonge mguu mmoja wa tripodi kwa ncha za vidole, na ahesabu. Taswira ikitulia ndani ya sekunde 1 au 2, inafaa kutazamia. Ikipita sekunde 4 au 5, airudishe. Kama ni ya kupigia picha, aifunge miguu ikiwa mifupi, ashike kichwa cha stendi mihimili ikiwa imekazwa na ajaribu kukitikisa kwa upole: akisikia meno ya gia yakicheza ndani, fundi aweza kuyakaza, lakini bei ishuke kwanza.

Wako,
Mpima ardhi mstaafu